Tikal kwa Mpenda Ndege: Mwongozo Kamili wa Kuzuru Magofu ya Wamaya Katika Msitu wa Petén

Sisi tuliokulia karibu na magofu ya Gede, pwani ya Kenya, tunalijua jambo moja mapema: ndege wa msituni huonekana vizuri zaidi penye magofu kuliko ndani ya msitu wenyewe. Ukuta ulioanguka hufungua mwanya, mwanya huingiza jua, jua huivisha matunda na kuamsha wadudu, na ndege hawachelewi. Tikal, kaskazini mwa Guatemala, inafuata kanuni hiyo hiyo, ila ina kitu ambacho Gede haina: mahekalu yaliyopita vilele vya miti. Mtazama ndege kwenye msitu mnene hurudi nyumbani na shingo inayouma, ameona matumbo tu ya ndege walio mita 30 juu yake. Tikal unapanda ngazi za mbao za Hekalu la IV, unaketi, na ndege wale wale wanapita chini ya nyayo zako.

Kwa hiyo mwongozo huu una wazo moja: yatumie magofu kama ngazi. Historia ya Wamaya utaipata humo humo njiani, wala huna haja ya kuchagua kati ya mawe na mabawa.

Saa zote nilizotaja ni za Kiswahili. Wenyeji wakikuambia "las seis" asubuhi, hiyo ni saa kumi na mbili yetu. Guatemala iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tisa, kwa hiyo siku mbili za kwanza mwili utakuamsha usiku wa manane. Safari hii, usingizi wa namna hiyo ni faida.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kiangazi cha Petén huanza Desemba hivi, hukolea Februari na Machi, na mvua hurudi Mei au Juni. Aprili na Mei joto huwa kali, na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika upeo wa macho. Mvua zikichanganya, kuanzia Juni hadi Oktoba, wageni ni wachache, mbu ni wengi, na njia za udongo hugeuka tope la kumezea magurudumu.

Mimi nachagua mwanzo wa Machi. Wakati huo ndege wanaohama kutoka Kanada na Marekani bado wapo, kama vile wale wa Ulaya wanavyokaa kwetu hadi Machi au Aprili kabla ya kurudi kwao. Na ndege wenyeji nao wameanza kuchumbiana, kuimba na kujenga, kwa hiyo unapata jamaa wote wawili kwa nauli moja.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya nauli

Usinunue tiketi ya ndege kabla hujauliza ubalozi wa Guatemala masharti ya pasipoti yako, kwa maandishi. Masharti hubadilika, na mtu mwenye viza ya nchi nyingine kwenye pasipoti anaweza kupewa jibu tofauti na jirani yake. Jipe miezi mitatu.

Swali la pili ni la njia. Ukipitia Marekani, hata kama hutoki uwanja wa ndege, utahitaji viza ya kupitia. Madrid ina ndege ya moja kwa moja hadi Guatemala City, lakini na huko uliza masharti ya abiria wa kupita. Wasomaji walioko Amerika Kaskazini kazi yao ni nyepesi, na wanaweza pia kuingilia Belize kwa barabara kupitia mpaka wa Melchor de Mencos, saa mbili tatu kufika Flores.

Kadi ya njano ibebe, tena ndani ya pasipoti, si chini ya sanduku. Guatemala huidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, na nchi kama Kenya na Uganda zimo kwenye hesabu hiyo.

Hatua ya 3: Kufika, na mahali pa kulala

Kutoka Guatemala City kuna ndege ya kama saa moja hadi uwanja wa Mundo Maya, ulioko Santa Elena. Basi la usiku huchukua saa nane hadi kumi. Ukienda kwa barabara ya Cobán utapita nchi ya iliki. Ile iliki inayotiwa kwenye kahawa Muscat na Dubai, nyingi hutoka milima hiyo. Mimi nilikuwa sijui, nimeinywa miaka yote nikidhani ni ya India.

Santa Elena imeungana kwa daraja na Flores, kisiwa kidogo chenye nyumba za rangi ndani ya ziwa Petén Itzá. Tikal iko kilomita 64 kutoka hapo. Katikati ya njia, ufukweni mwa ziwa, kuna kijiji cha El Remate. Hapo ndipo uamuzi mkubwa wa safari ulipo, kwa hiyo nitatulia kidogo.

Flores ni pazuri kwa chakula na matembezi ya jioni, lakini kwa ndege pako mbali mno. Mara yangu ya kwanza nililala Flores nikalipia gari la kampuni fulani, lililoahidi kunichukua saa kumi alfajiri. Lilikuja saa kumi na mbili kasoro, likazunguka hoteli moja baada ya nyingine kuokota wengine, likasimama kwenye duka la vinyago "dakika tano tu". Nilipoingia msituni ilikuwa inakaribia saa tatu. Nyenje walikuwa wakilia, ndege wamenyamaza, na jua lilikuwa limeshapevuka. Siku nzima niliona migongo ya watalii.

El Remate ni afadhali, na gharama zake ni za mtu wa kawaida. Kando yake kuna hifadhi ndogo ya Cerro Cahuí yenye njia za kupanda kilima, nzuri kwa asubuhi moja ya kujizoeza macho. Lakini ukiweza, lala ndani ya hifadhi yenyewe, usiku mbili. Kuna hoteli chache na uwanja wa mahema, hatua chache tu kutoka pale tiketi zinapokaguliwa. Ni ghali kuliko nje, na umeme huzimwa baadhi ya saa, kwa hiyo chaji betri zako mapema. Unacholipia ni alfajiri.

Hatua ya 4: Tiketi na pesa

Tiketi hununuliwa mtandaoni au benki ya Banrural, na pasipoti hutakiwa. Wageni wamekuwa wakilipa quetzal 150 kwa siku, na quetzal 100 zaidi kwa kuingia kabla ya jua kuchomoza. Hakikisha bei kabla ya kwenda. Dola moja huzunguka kwenye quetzal 7 na nusu hadi 8. Toa fedha taslimu Flores au Santa Elena, usitegemee kukuta mashine ya pesa msituni.

Ile tiketi ya kabla ya jua, inayokulazimu uwe na mwongozaji, inasifiwa sana. Maoni yangu: ukilala ndani, iache. Asubuhi nyingi ukungu huvika msitu mpaka saa moja au mbili, na jua lenyewe hulioni. Utasikia mengi, kweli, lakini ndege wa vileleni hutoka miale ikishapata joto.

Hatua ya 5: Mkoba

Darubini ya 8x42 inatosha. Yenye nguvu zaidi hutikisika mkononi na huingiza mwanga haba. Vaa suruali ndefu, soksi ndefu, viatu vilivyofungwa. Kwenye nyasi kuna kupe na wadudu wadogo wekundu wanaoitwa coloradillas, ambao hung'ata penye mkanda na kukuwasha kwa wiki. Ndani ya msitu kuna nyoka hatari aitwaye barba amarilla, hupenda kutembea usiku, basi usiku tembea na tochi. Beba maji lita mbili, dawa ya mbu, koti la mvua hata kiangazi. Suala la vidonge vya malaria mwulize daktari, wala usijifanye mzoefu kwa sababu umetoka pwani. Dengi ya huko haijui ulikozaliwa.

Kwenye simu pakua programu ya Merlin ya chuo kikuu cha Cornell pamoja na furushi la ndege wa Guatemala, ukiwa bado mjini, maana msituni mtandao ni wa kubahatisha. Itumie kusikiliza na kutambua. Kuwachezea ndege sauti ili waje ni tabia mbaya, hasa miezi ya viota: dume huacha kazi yake akaja kupigana na simu.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, saa kwa saa

Ukitokea nje, utapita lango la hifadhi halafu kilomita 17 za lami katikati ya msitu. Alama za barabarani huko zina picha za jagwa (paka mkubwa wa huko afananaye na chui), nyoka na bata mzinga. Mwambie dereva apunguze mwendo.

*Saa kumi na moja na nusu alfajiri.* Toka chumbani bila viatu vya kelele na simama tu. Kima wanaonguruma wataanza. Mara ya kwanza utadhani ni jagwa, tena jagwa watatu wanaogombana ndani ya pipa. Ni kima weusi, wa ukubwa wa mbwa wa wastani, na sauti yao hufika kilomita kadhaa.

*Saa kumi na mbili.* Kabla hujaenda popote, angalia uwanja wa nyasi wa hoteli. Huyo anayetembea kama mwenye nyumba ni bata mzinga wa Petén, pavo ocelado kwa Kihispania. Duniani hapatikani nje ya rasi ya Yucatán, kaskazini mwa Guatemala na Belize. Mkaribie polepole umtazame. Kichwa hakina manyoya, ni cha buluu ya maji ya bandarini, kimejaa vinundu vya rangi ya chungwa kama shanga zilizogandishwa kwa gundi. Mwili una rangi ya shaba ikigeuka kijani kila anapojigeuza, na mwisho wa kila unyoya wa mkia kuna jicho, kama la tausi. Sehemu nyingine huwindwa na ni mwoga. Hapa anapita baina ya meza za chai. Mwezi Machi dume hufungua mkia na kuburuza bawa chini, na jike hajali.

*Saa kumi na mbili na nusu.* Pita ukaguzi. Karibu na njia kuna mti mkubwa wenye shina la kijivu, na watu wote wanapiga nao picha. Msomaji wa pwani, mti huo unaujua: ni msufi. Ule ule tuliojazia mito na magodoro. Kwa Wamaya ulikuwa mti mtakatifu, mhimili wa ulimwengu, mizizi kwa wafu na matawi mbinguni. Mwongozaji wetu alipomaliza kueleza hayo nilishindwa kumwambia kwamba nyanya yangu alilalia sufi zake miaka sitini.

Nenda kwanza kwenye kundi la majengo liitwalo Complejo Q, piramidi pacha zilizojengwa kuadhimisha kipindi cha miaka 20 cha kalenda ya Wamaya. Wageni wengi hupita haraka kuelekea uwanja mkuu, kwa hiyo hapa patakuwa tupu. Keti kwenye kona, mgongo kwenye mti, dakika 30 bila kusogea. Kutembea-tembea ndiko kunakowanyima watu ndege.

Hapo tafuta trogoni mwenye mkia wa kijivu-giza na tumbo jekundu. Aliyemwona trogoni wa msitu wa Arabuko-Sokoke atamtambua kwa mkao: amekaa wima, hasogei, anageuza kichwa tu. Huchimba kiota chake ndani ya kichuguu cha mchwa kilichobandikwa juu ya mti. Na ukiona majani makavu yanachemka chini, tulia. Ni siafu, wa aina nyingine lakini kwa mwendo ule ule. Mbele yao panzi na buibui hukimbia, na ndege husimama kando kuwadaka: wapandaji wa magome, na ndege wenye koo jekundu wanaofoka kama watu waliokatizwa usingizi. Kundi moja la siafu lina faida kuliko kilomita tano za kutembea. Angalia tu usikanyage msafara.

*Saa moja na nusu.* Hekalu la IV. Lilijengwa karibu mwaka 741 na mfalme Yik'in Chan K'awiil, na lina urefu wa kama mita 65. Panda polepole kwa ngazi za mbao, keti upande wa kushoto wa baraza, na usiondoke mapema. Watu hupanda, hupiga picha, hushuka baada ya dakika kumi. Wewe kaa saa nzima. Mbele yako ni bahari ya majani, na Hekalu la I, la II na la III zimechomoza kama milingoti ya jahazi.

Ukungu ukiinuka, kasuku hupita wawili wawili wakipiga kelele, kisha tukani. Tukani mwenye mdomo wa upinde wa mvua si ndugu wa hondohondo wetu, ingawa wamefanana kwa mdomo mkubwa na kwa kupenda matunda. Anaruka kama mtu anayetupa jiwe: anapiga mabawa, anashuka, anapiga tena. Sauti yake ni ya chura. Hewa ikipata joto, tumbusi mfalme hupanda, mweupe mwenye kingo nyeusi. Na kagua kila ukingo wa jiwe, kwa sababu kozi mwenye kifua cha chungwa, ndege adimu kokote aliko, amejulikana kutaga kwenye mahekalu marefu ya Tikal. Vizingiti vya milango vilichongwa kwa mbao za msapota, zile mbao ngumu za mti wa tunda ambalo Wahindi wetu huliita chikoo. Kimoja cha hekalu hili kiko Basel, Uswisi.

*Saa tatu hadi saa tano.* Shuka, pita kundi la majengo la Mundo Perdido, halafu Uwanja Mkuu. Ndege sasa wamepungua, na ndiyo saa ya kusoma mawe. Hekalu la I, mita 47, lina chini yake kaburi la Jasaw Chan K'awiil I, mfalme aliyeushinda mji hasimu wa Calakmul mwaka 695 na kuiinua tena Tikal baada ya zaidi ya karne moja ya unyonge. Kaburi lilifunguliwa mwaka 1962. Kulipanda hekalu ni marufuku.

Hapo uwanjani inua macho kutafuta viota vya oropendola wa Montezuma. Vinaning'inia mitini kama mifuko ya ukili, vingine zaidi ya mita moja, vingi mti mmoja. Kwera wetu ni fundi, lakini huyu ameongeza maonyesho: dume hujipindua tawini kichwa chini, mkia wa njano juu, akitoa sauti kama ya maji yanayomiminwa kutoka mtungi wenye shingo nyembamba. Nilimtazama mmoja kwa dakika ishirini na hakuchoka.

Pizote, wanyama wanaofanana na nguchiro, watakuja kukagua mkoba wako wakiwa kundi, mikia juu. Usiwape kitu.

*Saa tano hadi saa tisa.* Lala. Kweli, rudi ukalale.

*Saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili.* Zunguka mabwawa, wenyeji huyaita aguadas. Tikal haina mto. Watu wake walikinga mvua kwenye malambo yaliyokandikwa, na utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba lambo la Corriental lilichuja maji kwa kwarzi na madini ya zeolaiti. Leo malambo ni ya ndege: jakana anayekanyaga majani ya maji, korongo wadogo wa kijani, mdiria. Hifadhi hufungwa saa kumi na mbili.

Hatua ya 7: Mwongozaji

Wako wa mawe na wako wa ndege, na wachache wanajua yote mawili. Kabla ya kukubaliana, mwulize aina tano alizoziona wiki hii na wapi. Akijibu "zote, amigo", endelea kutafuta. Asubuhi moja na mwenye masikio mazuri itakufunza zaidi ya siku tatu peke yako, na zipo zaidi ya aina 300 za kujifunza. Dai kitambulisho cha mamlaka ya utalii, INGUAT.

Hatua ya 8: Siku ya pili na ya tatu

Uaxactún iko kilomita 23 kaskazini, kwa barabara ya udongo inayopitia Tikal. Ni kijiji kilichozaliwa na utomvu wa msapota, ile malighafi ya chingamu. Mashina ya zamani bado yana makovu ya panga. Kiwanja chao cha zamani cha ndege ni uwanja wa nyasi katikati ya nyumba, ndege wa maeneo ya wazi wanaonekana huku kuku wakipita. Kwenye majengo ya kale yaitwayo Kundi E, simama juu ya piramidi utazame mashariki: mahekalu matatu madogo yalipangwa kulingana na mahali jua linapochomoza Juni, Machi na Septemba, na Desemba. Magari ya umma ni machache mno, kwa hiyo kodi gari au lala huko.

El Mirador, magofu mengine ya Wamaya ndani kabisa ya msitu, iache safari ya kwanza. Ni siku tano hivi za kutembea kwenda na kurudi kutoka Carmelita, na utatumia nguvu kwenye miguu badala ya macho.

Yaxhá ndiyo jioni yangu ya mwisho, kila mara. Jina lina maana ya maji ya kijani na buluu, na mji uko juu ya ziwa la jina hilo. Usioge, mna mamba. Panda jengo la 216 saa kumi na moja kasoro, ukae upande unaotazama maji. Kasuku hurudi kulala kwa makundi, kima-buibui huvuka matawi, jua huzama ziwani. Jambo moja la kupanga mapema: kubaliana na dereva kwamba atakusubiri mpaka giza liingie, na nusu ya nauli umpe mkirudi Flores. Barabara ya udongo hadi lami ni kilomita kumi na moja, na usiku hakuna gari jingine litakalopita.